Joe Strummer na Wimbo Uliofasiriwa Visivyo

Joe Strummer alizaliwa tarehe 21 Agosti 1952 mjini Ankara, Uturuki, akapewa jina John Graham Mellor. Babaye alihudumu katika balozi za Uingereza, hivyo utoto wake ulipitia Cairo, Mexico City na Bonn. Alipotimu miaka tisa, alipelekwa katika shule ya bweni nchini Uingereza.

Baada ya kusomea sanaa kwa muda mfupi jijini London, aligeukia muziki. Jina Strummer alijipa mnamo 1975 kwa kujikejeli, kwa kuwa gitaa alijua tu kulipiga nyuzi zote sita kwa pamoja. Mwaka uliofuata alijiunga na Mick Jones na Paul Simonon katika bendi ya The Clash, mojawapo ya bendi za mwanzo za muziki wa panki.

Tarehe 30 Agosti 1976, Strummer na Simonon walikuwako Notting Hill, katika tamasha la watu wenye asili ya Karibi, ghasia zilipozuka baina ya polisi na vijana weusi. Tukio hilo ndilo lililozaa "White Riot", wimbo usiofika dakika mbili, uliotolewa kwa santuri mnamo Machi 1977. Ndani yake Strummer aliwasifu vijana weusi kwa kukataa kuonewa, na kuwasuta Wazungu wenzake kwa utiifu waliofunzwa shuleni. Hata hivyo, kwa kuwa anwani yake ilitaja ghasia za weupe, baadhi ya wasikilizaji walidhani wimbo unachochea chuki ya rangi. Upotoshi huo ulikuwa wa hatari, kwani chama cha National Front kilikuwa kikieneza ubaguzi mitaani.

Strummer alijibu kwa vitendo. Tarehe 30 Aprili 1978, The Clash walitumbuiza umati mkubwa katika bustani ya Victoria, London, kwenye tamasha la kupinga ubaguzi wa rangi.

Bendi ilivunjika mnamo 1986. Novemba 2002, katika onyesho la kuwachangia wazima moto waliokuwa wakigoma, Jones alipanda jukwaani bila kutarajiwa, na wimbo huo ukasikika tena. Strummer aliaga dunia tarehe 22 Desemba 2002, akiwa na umri wa miaka 50, kutokana na kasoro ya moyo aliyozaliwa nayo bila kujua.

Maisha yake yanamtahadharisha mhakiki asihukumu dhamira kwa anwani pekee. Yanamkumbusha mtunzi pia kwamba anwani hufika mbali kuliko ubeti, na kwamba maana ikipotoshwa, yeye ndiye atakayedaiwa kuitetea.