Profesa Bernhard Grzimek na Kisiwa cha Rubondo: Urithi wa Msitu, Sokwe na Kasuku

Kabla ya Wilaya ya Chato kuanzishwa mwaka 2005, Wilaya ya Biharamulo ilienea hadi mwambao wa Ziwa Victoria. Ng'ambo ya maji, umbali mfupi kwa boti, kipo Kisiwa cha Rubondo, ambacho sehemu yake kubwa imefunikwa na msitu mnene. Kisiwa hicho ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 1977. Miongoni mwa watu waliochangia kukifanya kimbilio la wanyamapori ni Profesa Bernhard Grzimek, daktari wa mifugo kutoka Ujerumani, ambaye Watanzania wengi humfahamu kwa kazi yake ya Serengeti kuliko kwa ile ya ziwani.

Grzimek alizaliwa tarehe 24 Aprili 1909 katika mji wa Neisse, eneo la Silesia ambalo leo ni sehemu ya Poland. Alisomea tiba ya mifugo na kupata shahada ya udaktari mwaka 1933. Katika miaka ya utawala wa Hitler alikuwa mtumishi wa serikali katika wizara iliyosimamia chakula na kilimo, akishughulika na magonjwa ya mifugo. Vita vilipomalizika mwaka 1945, alikabidhiwa uongozi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, iliyokuwa imebomolewa kwa mabomu na kubakiwa na wanyama wachache. Aliijenga upya na kuiongoza hadi mwaka 1974. Katika kipindi chote hicho, na hadi mwisho wa maisha yake, aliongoza pia Shirika la Wanyama la Frankfurt, ambalo limeendelea kushirikiana na Tanzania katika uhifadhi.

Jina lake liliungana na nchi hii mwishoni mwa miaka ya 1950. Serikali ya kikoloni ilikuwa na mpango wa kubadilisha mipaka ya Hifadhi ya Serengeti na kuitenga Ngorongoro, ilhali hakuna aliyejua kwa uhakika makundi ya nyumbu na pundamilia yalihamia wapi kila msimu. Grzimek na mwanawe Michael walijifunza kurusha ndege, wakaipaka ndege yao ndogo milia ya pundamilia na kuanza kuwahesabu wanyama kutoka angani. Walihesabu wanyama wakubwa zaidi ya 366,000 na kuonesha kwamba mipaka iliyopendekezwa haikulingana na njia za wanyama hao.

Kazi hiyo ilimgharimu pakubwa. Tarehe 10 Januari 1959 ndege iligongana na tai angani ikaanguka, na Michael akafariki dunia akiwa na umri wa miaka 24. Alizikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Baba yake aliikamilisha filamu waliyokuwa wakiitengeneza pamoja, nayo ikatunukiwa tuzo ya Oscar mwaka 1960. Kitabu chenye jina lile lile kilitafsiriwa katika lugha nyingi na kuifanya Serengeti ijulikane duniani.

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, watu wengi wa Ulaya walidhani kwamba hifadhi zingesahauliwa. Mwalimu Julius Nyerere alikuwa ameshatangaza, katika Azimio la Arusha kuhusu wanyamapori la Septemba 1961, kwamba wanyamapori ni dhamana ya taifa. Grzimek aliuamini msimamo huo na akautafutia fedha. Kupitia kipindi chake cha televisheni, kilichoanza mwaka 1956 na kuendelea hadi alipofariki, aliwahimiza Wajerumani kutoa michango na kuja Afrika Mashariki kama watalii. Inaelezwa kwamba aliwahi kutangaza safari za bei nafuu ambazo hazikuwa zimeandaliwa na kampuni yoyote. Maombi yakawa mengi, na kampuni za utalii zikalazimika kuziandaa.

Ni katika miaka hiyo ndipo alipoielekea Rubondo. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: misitu ya bara ilikuwa ikikatwa na wanyama wake wakiwindwa, lakini kisiwa kina maji pande zote, hivyo jangili hufika kwa shida na moto wa nyika hauvuki. Kisiwa chenye msitu kingeweza kuwa ghala la akiba la viumbe waliokuwa wakitoweka kwingineko. Mwaka 1965 Rubondo ilitangazwa kuwa pori la akiba. Jamii za wavuvi na wakulima waliokuwa wakiishi humo zilihamishiwa visiwa vya jirani na bara, na mashamba yao yakamezwa na msitu. Msitu huo unaosifiwa leo umesimama pia juu ya ardhi iliyoachwa na familia hizo, na hilo ni sehemu ya historia ya kisiwa.

Kati ya mwaka 1966 na 1969, sokwe 17 waliachiliwa Rubondo kwa makundi manne chini ya mpango wa Grzimek. Walikuwa wamekamatwa wakiwa wadogo katika misitu ya Afrika na kuishi kwa miaka katika bustani za wanyama za Ulaya. Wengi walidhani wangekufa, kwa kuwa walizoea kulishwa na wanadamu. Hata hivyo walijifunza upya kutafuta matunda, kujenga viota mitini na kulea watoto. Kizazi chao kingali kisiwani hadi leo.

Si kila jaribio lilifaulu. Wanyama wengine waliopelekwa Rubondo walikuwa twiga, tembo, mbega na vifaru weusi. Vifaru hao waliuawa na majangili na kutoweka kabisa, jambo lililodhihirisha kwamba maji peke yake si ulinzi. Tembo nao wameongezeka, na wataalamu hufuatilia athari zao kwa miti ya kisiwa. Aidha, wanasayansi wa leo wana tahadhari kubwa zaidi kuhusu kuhamishia kiumbe mahali ambapo hakikuwapo. Ziwa Victoria lenyewe ni shahidi: sangara aliyepandikizwa katika miaka ya 1950 ameleta kipato kikubwa, lakini pia amechangia kutoweka kwa aina nyingi za furu.

Kwa upande wa ndege, Rubondo ina zaidi ya aina 200. Furukombe, ambaye mlio wake husikika asubuhi katika ghuba zote, huishi humo kwa wingi kwa kuwa mazalia ya samaki yanalindwa na miti mirefu ya kujengea viota ingalipo. Ndege anayeielezea fikra ya Grzimek kuliko wote ni kasuku kijivu. Mwaka 2000, miaka 13 baada ya kifo chake, kasuku waliokamatwa katika biashara haramu waliachiliwa Rubondo. Kama ilivyokuwa kwa sokwe, walirudishwa msituni viumbe waliokuwa wamefanywa bidhaa.

Makazi ya asili ya kasuku huyo yanaanzia misitu ya Afrika Magharibi na kufika kaskazini magharibi mwa Tanzania na magharibi mwa Kenya. Hutaga katika mashimo ya miti mikubwa na ya zamani, hivyo mti mmoja unapokatwa huondoka pamoja na kiota cha miaka mingi. Wategaji hutumia ulimbo na ndege wa kuvutia wenzake, na kasuku wengi hufa kabla ya kumfikia mnunuzi. Mwaka 2016 aliorodheshwa kimataifa kuwa yuko hatarini kutoweka, na nchi wanachama wa mkataba wa CITES zikakubaliana kuzuia biashara ya kimataifa ya kasuku waliokamatwa porini.

Fikra ya kisiwa kuwa kimbilio haikuwa ya Rubondo peke yake. Mwaka 1968 Kisiwa cha Cousin huko Shelisheli kilinunuliwa kwa ajili ya uhifadhi wakati ndege mmoja mdogo wa msituni alikuwa amebaki na idadi isiyozidi makumi machache duniani kote. Minazi ilipopunguzwa na msitu wa asili kurejea, ndege huyo aliongezeka. Hapa nchini, Kisiwa cha Pemba kina bundi wake asiyepatikana kwingine kokote, na Msitu wa Ngezi ni ngome yake muhimu. Ndege wa kisiwa hana pa kukimbilia msitu wake unapokwisha.

Wananchi wa Ngara na Biharamulo wanaujua upande wa pili wa jambo hili. Mwishoni mwa Aprili 1994, takribani wakimbizi 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda unaokadiriwa kuwa saa 24 tu, na kambi ya Benaco wilayani Ngara ikawa miongoni mwa kambi kubwa kuliko zote duniani. Watu hao walihitaji hifadhi, na Tanzania iliwapokea. Lakini kuni, miti ya kujengea na nyama vilitoka katika misitu na mapori ya jirani, na wanyama wa Burigi na Biharamulo walipungua sana. Imechukua miaka mingi kurejesha ulinzi wa maeneo hayo. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yalipandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato.

Grzimek hakuyashuhudia hayo. Alifariki dunia mjini Frankfurt tarehe 13 Machi 1987, na majivu ya mwili wake yakaletwa Ngorongoro na kuzikwa kando ya mwanawe. Maisha yake yanaonesha kwamba kiumbe aliyeondolewa msituni anaweza kurudishwa, ila kwa gharama kubwa, kwa bahati, na pale tu msitu unapokuwa bado umesimama. Vifaru wa Rubondo hawakupata bahati hiyo.

Kwa sababu hiyo, ulinzi wa kasuku, furukombe na misitu yao unaanzia kwa mwananchi. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inakataza kukamata au kumiliki wanyamapori, wakiwemo ndege, bila kibali. Mwenye taarifa za utegaji au biashara ya ndege wa porini anahimizwa kuzifikisha kwa ofisi ya wanyamapori ya wilaya, kituo cha polisi au askari wa hifadhi iliyo karibu.