Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui: Amri ya Mtawala na Amri ya Moyo

Ndugu zetu wasomaji, watu huulizana: mwenendo mwema wa mtu watoka wapi? Je, watoka katika kuwatii wenye amri, au watoka moyoni mwake mwenyewe? Maisha ya Sheikh Ali bin Abdallah bin Nafi Mazrui, Mwenyezi Mungu amrehemu, yana jawabu.

Sheikh huyu alizaliwa Mombasa katika mwaka 1825, zama ambazo mji ulikuwa bado mikononi mwa jamaa zake. Mwaka 1837 Sayyid Said bin Sultan aliwaondoa Mazrui katika utawala, na wakubwa wao wakashikwa wakapelekwa Bandar Abbas. Kijana Ali akapata kusoma Makka kwa maulamaa wa huko. Aliporejea alikuwa mwanachuoni wa madhehebu ya Shafi, ilhali wazee wake walikuwa Ibadhi.

Basi tazameni mambo mawili. La kwanza, alikubali kuwa kadhi wa Mombasa chini ya dola ile ile iliyowaangusha jamaa zake. Mbaruk bin Rashid, naye ni Mazrui, aliwapiga vita masultani mara kwa mara. Sheikh Ali hakushika njia hiyo. Aliona kuwa watu wahitaji hukumu ya haki, hata kama mtawala si yule ampendaye.

La pili, utii huo ulikuwa na mpaka. Aliyoyajua kuwa ni kweli aliyafundisha, na baadhi ya watu wakaacha madhehebu ya Ibadhi kwa sababu yake. Jambo hili lilimchukiza Sayyid Barghash, na mwaka 1887 akamtia gerezani. Barghash alipofariki mwaka 1888, Sayyid Khalifa alimfungua. Sheikh akaishi mpaka mwaka 1894.

Hatuyataji haya ili tuwashutumu ndugu zetu Ibadhi. Wao ni Waislamu wenzetu. Twayataja kwa kuwa yaonyesha makosa mawili. Mwenye kutii kila amri bila ya kupima, wema wake ni wa kuazima: akibadilika mtawala, naye hubadilika. Na mwenye kusema kuwa moyo wake wamtosha, pengine aufuata ubinafsi wake na kuuita dhamiri. Moyo wa Sheikh Ali ulikuwa umelelewa na elimu tangu utotoni. Ndipo ukaweza kujua wapi pa kutii na wapi pa kusimama.

Jambo hili halimhusu kadhi peke yake. Mfanyabiashara wa Mombasa akifika soko la mbali, tuseme Ogwedhi kule Migori, hamwoni mzee wa mtaa wala imamu wa msikiti wake. Ni nini kitakachomzuia asipunje mizani? Kama wema wake ulikuwa ni hofu ya macho ya watu, basi ameuacha nyumbani.

Sheikh Ali alimwacha mwanawe, al-Amin, mtoto wa miaka mitatu. Mtoto huyo alilelewa katika elimu na Sheikh Sulaiman bin Ali Mazrui, akaanzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932, akawa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1937. Naye vile vile alihudumu chini ya serikali asiyoichagua, na hakuacha kuwaonya watu juu ya kufuata kwa upofu.

Basi tuwasomeshe watoto wetu sababu za amri, si amri tupu. Mwenyezi Mungu atupe elimu yenye kuamsha nyoyo. Amin.