Pierre Toussaint: Mtengeneza Nywele Aliyekomboa Watu



Wengi tunamjua Mtakatifu Martin de Porres, msimamizi wa vinyozi, tunayemkumbuka kila tarehe 3 Novemba. Leo tumtazame mwenzake katika fani, Pierre Toussaint. Kama unashika mashine Katoro au unasuka pale Kahama mjini, huyu ni mtu wako.

Pierre alizaliwa mtumwa katika karne ya 18 huko Saint-Domingue, koloni la Ufaransa ambalo leo ni nchi ya Haiti. Mwaka 1787 familia iliyommiliki, akina Bérard, ilimpeleka New York, Marekani, akawekwa kwa fundi ajifunze kutengeneza nywele. Saluni yake haikuwa na mlango wala kibao. Aliwafuata wateja majumbani, wengi wao wanawake wa familia tajiri, na siku nyingine alifanya kazi hadi saa 16. Lakini kabla ya yote, alfajiri, alikuwa Misani katika kanisa la Mtakatifu Petro. Alifanya hivyo kwa zaidi ya miaka 60.

Kwa nini wateja walimng'ang'ania? Kwanza, kazi yake ilikuwa safi. Hapa tusidanganyane, rafiki: rozari shingoni haifichi kichwa kilichonyolewa vibaya. Mchimbaji akitoka duarani na vumbi la karasha kichwani, muoshe na umkaushe kwanza, maana vumbi hilo linakula meno ya mashine. Muulize anataka nini kabla hujawasha. Tazama nywele zake zinaelekea wapi. Anza na kipimo kirefu ndipo ushuke, kwa sababu ukikata zaidi huwezi kurudisha. Wembe uwe mpya kwa kila mtu, mashine isafishwe kwa spiriti, taulo liwe safi. Ukizembea hapo, mapunye ya mmoja yanakuwa ya mtaa mzima. Kumbe hata usafi wa mashine ni upendo wa jirani.

Pili, alijua kufunga mdomo. Mteja akishakaa kitini hufunguka: ndoa yake, madeni yake, wagonjwa wake. Pierre alisikiliza na kufariji, lakini aliyetaka umbea wa nyumba ya pili hakuupata kwake. Kwetu jambo hili siyo dogo. Kijana akiropoka kitini kwamba duara lao limeanza kutoa mali, neno hilo likivuja saluni linaweza kumletea wezi usiku. Siri ya mteja ni amana.

Tatu, hela yake ilikuwa na kazi. Bwana Bérard alifariki, mali ikapotea, na mjane wake akabaki hana kitu. Pierre akaitunza nyumba ile kwa kipato chake. Jamani, hapa panauma: mtumwa anamlisha anayemmiliki! Utumwa ulikuwa uovu, na wema wa Pierre haumsafishi aliyemmiliki. Alimwona mjane mwenye shida, akamsaidia. Mwaka 1807, mama huyo akiwa karibu kufa, alimwacha huru.

Pierre alikuwa tayari anaweka akiba ya kuwakomboa wengine. Alilipia uhuru wa dada yake Rosalie, na wa Juliette Noel ambaye alimwoa mwaka 1811, kisha na wa watu wengine. Yeye na Juliette walimlea Euphemia, binti wa Rosalie, pamoja na watoto yatima waliokosa kwao. Homa ya manjano ilipoingia mjini na watu wakakimbia, yeye aliingia kuwauguza waliotelekezwa. Alipoambiwa apumzike kwa kuwa ameshapata vya kutosha, alijibu kwamba kwake vinatosha, ila kwa wengine bado.

Na bado, kanisani alikochangia fedha, siku moja alizuiwa kuingia kwa sababu ya rangi yake. Aliumia, lakini Ekaristi hakuiacha.

Alifariki tarehe 30 Juni 1853. Leo mabaki yake yako chini ya altare ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Patrisi, New York, mahali wanapozikwa maaskofu. Mwaka 1996 Papa Yohane Paulo II alithibitisha kwamba aliishi fadhila za Kikristo kwa namna ya kishujaa. Bado hajatangazwa mwenyeheri, kwa hiyo tuendelee kuombea hatua hiyo.

Wiki hii, kabla hujawasha mashine, fanya ishara ya msalaba. Mhudumie mwenye elfu mbili ya jasho kama unavyomhudumia aliyeuza dhahabu jana. Na katika hela ya wiki, tenga kidogo kwa ajili ya mtu mmoja aliyekwama.

Tuombe: Ee Bwana, uliyesema hata nywele za vichwa vyetu zimehesabiwa, bariki mikono inayozihudumia. Amina.