Enrico Dalgas (1828–1894): Mhandisi Aliyeifufua Nyika

Enrico Mylius Dalgas, Mdenmark wa ukoo wa Waprotestanti wakimbizi kutoka Ufaransa, alizaliwa Napoli, Italia, tarehe 16 Julai 1828. Akiwa afisa mhandisi wa jeshi alitumika vitani mwaka 1848–1850 na tena 1864.

Vita ya 1864 iliinyang'anya Denmark majimbo ya Schleswig, Holstein na Lauenburg, na wengi walikata tamaa. Lakini Dalgas, aliyekwisha kujenga barabara huko Jutland, aliijua nyika yake ya mchanga iliyolala bila kulimwa. Tarehe 28 Machi 1866, mjini Aarhus, yeye na wenzake walianzisha Chama cha Nyika. Wakulima walichimba mifereji, wakarutubisha ardhi kwa udongo wenye chokaa, wakapanda miti ya kuzuia upepo. Misonobari mirefu ilidumaa. Ilipochanganywa na ile mifupi ya milimani, ikastawi.

Dalgas alifariki Aarhus tarehe 16 Aprili 1894, naye mwanawe Christian akaiendeleza kazi. Mwaka 1911 mwalimu Mkristo Uchimura Kanzo aliwasimulia Wajapani habari zake: taifa lililoshindwa kwa upanga liliinuliwa tena kwa jembe, subira na imani.