Mwalimu wa Baiolojia na Mlezi Wake

Tunapomtaja Mtumishi wa Mungu Julius Kambarage Nyerere, wengi wetu tunamwona Rais. Tunasahau kwamba alianza kazi akiwa mwalimu wa Baiolojia na Historia.

Alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, akaanza shule Mwisenge, Musoma, akiwa na miaka 12. Mwaka 1943 aliingia Makerere kusomea ualimu, na Desemba mwaka huo akabatizwa. Alipohitimu, shule mbili za Tabora zilimtaka, ya serikali na ya misheni. Alichagua ya misheni, Mtakatifu Maria, chini ya Padre Richard Walsh wa Shirika la Wamisionari wa Afrika.

Hapa ndipo penye somo la malezi. Waafrika wenye elimu ya kufundisha sayansi walikuwa wachache, na mkuu wa shule yeyote angetamani kubaki na mwalimu kama huyo. Padre Walsh alimhimiza aendelee na masomo, akamsaidia kupata nafasi Uingereza. Mwaka 1949 Nyerere alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, akahitimu mwaka 1952. Huko hakusoma sayansi, alichukua masomo ya sanaa. Mlezi hufungua mlango. Njia huichagua mwenye safari.

Aliporudi alifundisha Pugu, kwenye vilima vya kuelekea Kisarawe. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, na mwaka 1955 ilimbidi achague kati ya darasa na siasa. Aliacha kazi, lakini jina la Mwalimu halikumwacha hadi alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999.

Matunda ya malezi hayo tunayaona Kibaha. Mwaka 1963 serikali yake ilikubaliana na nchi za Nordiki kujenga hapo kituo cha elimu, afya na kilimo. Wageni walifanya kazi bega kwa bega na wenyeji, na mwaka 1970 wakawakabidhi. Leo vijana wenye vipaji vya sayansi wanasoma Sekondari ya Kibaha.

Sisi tunaoandaliwa kuwa walezi tujiulize: kijana akibaki baada ya kipindi kutuuliza swali, tunampa muda? Na akituzidi, tutakuwa tayari kumwachia aende? Padre Walsh alimwachia mwalimu wake, na taifa likapata Mwalimu.