Hayati Rashidi Mfaume Kawawa: Kutoka Utetezi wa Watumishi hadi Utungaji wa Sheria Zao

Mwalimu, tabibu au afisa kilimo anayehudumu Jorodom na vijiji vingine vya Mbulu na Hanang hutegemea maamuzi yanayofanywa mbali na kituo chake cha kazi, iwe ni kuhusu mshahara, cheo au hata kuwapo kwa nafasi yake. Swali la nani azungumze kwa niaba yake pale Serikali inapobana matumizi au kupanga upya idara zake lina umri mrefu kuliko Uhuru. Hayati Rashidi Mfaume Kawawa alilijua kwanza akiwa mtetezi wa watumishi, kisha akiwa kiongozi wa Serikali iliyowaajiri.

Kawawa alizaliwa mwaka 1926 Matepwende, Songea. Baada ya kusoma Tabora aliingia katika utumishi wa Serikali ya kikoloni akiwa karani, kisha akahamia Idara ya Ustawi wa Jamii, ambako alishughulika na sinema za elimu kwa wananchi na hata kuigiza katika baadhi yake. Utumishi wa wakati ule ulikuwa na ngazi za mishahara zilizofuata rangi ya mtu. Kupitia TAGSA, chama cha watumishi Waafrika wa Serikali ambacho baadaye alikuwa Rais wake, Kawawa alijifunza kudai haki kwa hoja na takwimu mbele ya mwajiri asiyelazimika kusikiliza.

Mwaka 1955 lilipoundwa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi Tanganyika, TFL, alichaguliwa kuwa Katibu Mkuu. Watumishi wa Serikali walikuwa wamekatazwa kujiunga na siasa, hivyo aliacha kazi ya Serikali na kuwa huru kuitumikia TFL na TANU kwa pamoja. Kwa mtu wa kipato chake, huo haukuwa uamuzi mwepesi.

Uchaguzi wa mwaka 1960 uliipa TANU viti 70 kati ya 71. Kiti kimoja kilichosalia kilikuwa cha Mbulu, ambako Herman Sarwatt, mwanachama wa TANU aliyesimama kama mgombea binafsi, alimshinda mgombea rasmi wa chama, Chifu Amri Dodo. Katika Bunge hilo Kawawa alikuwa Waziri, na tarehe 22 Januari 1962, Mwalimu Nyerere alipojiuzulu, akawa Waziri Mkuu.

Ndipo mambo yalipogeuka. Serikali changa ilikuwa na fedha kidogo, ilikuwa ikiharakisha kuwaweka Waafrika katika nafasi za wakoloni, na migomo ilikuwa imeshika kasi. Ule wa reli wa mwaka 1960 ulidumu siku 82. Mwaka 1962 Serikali ya Kawawa ilipitisha sheria tatu. Ya kwanza iliilazimisha migogoro ya kazi ipelekwe kwenye usuluhishi kabla ya mgomo, ya pili iliviweka vyama chini ya TFL na uangalizi wa Serikali, na ya tatu iliunda chombo cha majadiliano katika utumishi wa umma na kuwazuia watumishi wenye mshahara wa zaidi ya pauni 702 kwa mwaka kuwa wanachama wa vyama. Waziri wa Kazi alikuwa Michael Kamaliza, naye kiongozi wa zamani wa TFL. Christopher Kasanga Tumbo wa chama cha reli, aliyekuwa Balozi London, alijiuzulu mwaka huohuo kwa kuzipinga.

Hoja ya Kawawa, kwamba nchi maskini haiwezi kuendeshwa kwa migomo, ilikuwa na uzito. Hata hivyo, watumishi walipoteza njia ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameitumia kupanda. Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964, viongozi wengi wa vyama walikamatwa, TFL ikavunjwa na NUTA ikaundwa kuwa chama pekee.

Kubana matumizi hakukuishia kwa watumishi wa chini. Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu walipinga kulipwa asilimia 40 tu ya mshahara wakiwa Jeshi la Kujenga Taifa. Walifukuzwa chuoni, lakini mishahara ya viongozi nayo ikapunguzwa, kuanzia ule wa Rais.

Kawawa alirudi kuwa Waziri Mkuu Februari 1972. Mwaka huohuo ulianza mpango wa Madaraka Mikoani, na halmashauri za wilaya zikavunjwa nchini kote, Mbulu na Hanang zikiwamo. Kazi za halmashauri zilihamia kwa wakurugenzi wa maendeleo wa mikoa na wilaya. Chama pekee kilichokuwapo kuwasemea watumishi wake kilikuwa NUTA, ambacho Katibu Mkuu wake aliteuliwa na Rais. Halmashauri zilirejeshwa kwa sheria za mwaka 1982.

Mwaka 2003 Bunge lilipitisha sheria mpya ya majadiliano ya pamoja katika utumishi wa umma, na vyama kama TALGWU, TUGHE na Chama cha Walimu vikawa mezani. Mzee Kawawa alikuwa hai bado. Alifariki dunia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2009 na kuzikwa Madale.