Daktari aliyepima akili zetu kabla ya kuisomea kazi

Hapa Isiolo nimekutana na wanafunzi wa kidato cha nne wanaotaka kusomea saikolojia. Swali lao ni moja: shahada hiyo ina kazi gani? Niliwajibu kwa kuwasimulia maisha ya John Colin Carothers.

Carothers alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1903, akaja Kenya mwaka 1929 kama daktari wa serikali ya kikoloni. Kwa miaka tisa alitibu maradhi ya kawaida. Mwaka 1938 alikabidhiwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, ilhali hakuwa amesomea fani hiyo. Diploma yake aliipata miaka ya 1940, kwa masomo ya miezi michache Uingereza.

Alistaafu mwaka 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Humo alidai kwamba Mwafrika hatumii ipasavyo sehemu ya mbele ya ubongo, akamfananisha na Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa sehemu hiyo. Wengi aliowachunguza kwa karibu walikuwa wagonjwa wa Mathari, lakini hukumu yake ililiangukia bara zima.

Mwaka 1954 serikali ilimwita aeleze chanzo cha Mau Mau. Ripoti yake iliyaona maasi hayo zaidi kama tatizo la akili za Wakikuyu kuliko dai la ardhi na uhuru, na iliunga mkono watu kukusanywa vijijini. Zaidi ya watu milioni moja waliishia katika vijiji hivyo vya lazima. Mwaka 1961 Frantz Fanon, naye daktari wa akili, alimpinga kitabuni: chanzo cha vurugu ni ukoloni, si ubongo.

Sasa wanangu, tazameni uzito wa kazi hii. Tangu Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, huruhusiwi kutoa huduma hiyo Kenya bila kusajiliwa. Shahada, ambayo kwa kawaida huhitaji wastani wa C+, ni mlango tu. Kutibu wagonjwa huhitaji masomo zaidi na mazoezi chini ya usimamizi. Kazi zipo shuleni, hospitalini, magerezani na katika ofisi za kuajiri.

Nami nina diploma tu, siidharau. Ila mgonjwa wa Isiolo anastahili mtaalamu aliyesoma vya kutosha, anayemsikiliza kwa Kiborana, Kisomali au Kiturkana kabla ya kumhukumu. Mtaalamu huyo anaweza kuwa mmoja wenu.